Mwalimu, Naomba Kwenda Chooni

Muhula uliopita tulifanya mtihani wa saikolojia ya elimu, saa tatu kamili. Piaget alikuwemo, Vygotsky alikuwemo, na Skinner na njiwa wake hawakukosa. Nimefaulu, alhamdulillahi, na sina ugomvi na wazee wale. Ila tangu mwaka wa kwanza mpaka leo sijakutana na mtihani uliotuuliza swali dogo tu: mtoto wa darasa la tatu anakojoa damu, na wewe ndiye mwalimu wake wa darasa. Utafanya nini?

Swali hilo si la kubuni. Anayekwenda kufundisha Pemba, khasa kwenye skuli zilizo karibu na mabonde ya mpunga na vijito, anaweza kukutana na kichocho wakati wowote. Atakutana na minyoo, na siku moja pengine atakutana na surua au kipindupindu. Na atakutana navyo akiwa na chaki mkononi, hana dawa wala darubini. Ninachotaka kusema ni kwamba skuli ni mahali ambapo maradhi ya watoto yanapita kwa urahisi na pia yanazuilika kwa urahisi. Mwalimu yumo ndani ya kazi hiyo apende asipende. Chuo kinachomfundisha ualimu bila ya kumfundisha hilo kinampeleka kazini nusu.

Nianze mbali kidogo, Uingereza, kwa kuwa kozi ya historia ya elimu imeshatupeleka huko. Sheria ya Elimu ya 1870 sote tumeikariri. Ndiyo iliyofungua milango ya skuli za msingi kwa watoto wa masikini, na mwaka 1880 mahudhurio yakawa ya lazima. Madesa yetu yanaishia hapo, tunapiga mstari, tunaendelea na mada nyingine. Kisichosemwa ni kile kilichotokea watoto wale walipokusanywa pamoja.

Miji ya Malkia Victoria, kama London, Liverpool, Manchester na Leicester, ilikuwa imeshafurika watu. Familia nzima chumba kimoja, choo kimoja kwa nyumba kadhaa. Chukua watoto sitini kutoka nyumba hizo, waweke darasa moja, funga madirisha kwa sababu ya baridi. Surua, kifaduro, dondakoo na homa ya vipele vyekundu vilipata njia mpya. Mkubwa anaokota skulini, anarudi nayo nyumbani, na aliye mgongoni kwa mama ndiye anayekufa. Zilikuwepo sababu nyingine pia, kuharisha kwanza kabisa, lakini jumla yake ilikuwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 karibu mtoto mmoja katika kila saba nchini humo hakutimiza mwaka wake wa kwanza.

Sasa njoo kwenye kinachoniuma mimi kama mwalimu mtarajiwa. Kuanzia 1862 serikali ile ilikuwa ikizilipa skuli ruzuku kwa kuangalia mahudhurio na matokeo ya mtihani. Mtoto asiyekuja ni pesa iliyopotea. Na watoto nao walikuwa wakitunukiwa medali kwa kutokosa hata siku moja. Jiweke hapo: mtoto kaamka na homa, mwalimu anataka ruzuku, mtoto anataka medali. Nani atamwambia abaki nyumbani? Maofisa wa afya wa miji walilalamika kwamba medali zile zinawaleta wagonjwa darasani. Mwaka 1889 ikapitishwa sheria ya kuripoti maradhi ya kuambukiza. Mlikuwemo ndui, kipindupindu, dondakoo na homa ya vipele vyekundu. Surua na kifaduro, vilivyokuwa vikiwamaliza watoto wadogo, havikutiwa. Na ukaguzi wa afya za watoto skulini haukuwekwa na sheria ya nchi nzima mpaka 1907. Piga hesabu mwenyewe. Ni miaka 37 tangu waamue kuwajaza watoto madarasani mpaka walipoamua kumpeleka daktari akawatazame.

Na msidhani enzi ile ilikuwa ya kwao peke yao. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilitoka bara kwa njia ya misafara, kikafika Pangani, kikavuka mpaka Unguja. Daktari mmoja wa Kiskoti aliyekuwa akiishi Unguja wakati huo, James Christie, alikifuatilia njia kwa njia na soko kwa soko, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Mwanafunzi yeyote wa afya duniani anamjua John Snow na pampu yake ya maji ya mwaka 1854. Christie, aliyefanya kazi ya namna hiyohiyo hapa kwetu, nimekutana naye kwa bahati tu, nikitafuta kitu kingine.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila ya malipo Zanzibar. Sina haja ya kueleza uzito wa siku hiyo kwa wasomaji wa gazeti hili, wengi wetu tusingekuwa hapa. Lakini nayo, kama ile ya 1870, iliwakusanya watoto mahali pamoja, na maradhi yao yakakusanyika nao. Tofauti ni kwamba Pemba palikuja kufanyika jambo ambalo Waingereza walichelewa sana kulifanya. Watu waliiangalia skuli kama mlango wa kumtibu mtoto.

Hebu kwanza tukielewe kichocho chenyewe, maana nimesikia wasomi wa chuo kikuu wakisema kinatokana na kukojoa juani. Mgonjwa akikojoa kwenye maji baridi ya mto au bwawa, mayai ya mnyoo yanatoka na mkojo na kuanguliwa humo. Kijidudu kinamtafuta konokono wa aina maalumu, kinaingia ndani yake, kinazaliana kwa wiki kadhaa, halafu vinatoka vijidudu vingine kwa maelfu, vikisubiri ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda wala kumezwa. Vinapenya tu. Baadaye mnyoo unakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, unataga, na mayai yenye mwiba yanapasua kutoka nje. Ndiyo ile damu. Ukiachwa miaka mingi unaharibu kibofu na figo, unaweza kuleta saratani ya kibofu, na kwa wanawake unaleta vidonda vya njia ya uzazi ambavyo mara nyingi vinadhaniwa ni maradhi ya zinaa. Fikirieni binti wa miaka kumi na sita anayeulizwa suala hilo na mama yake, naye kosa lake ni kufua nguo mtoni.

Kuna jambo moja katika maelezo hayo linalomhusu mwalimu moja kwa moja. Vijidudu hutoka ndani ya konokono kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, katikati ya mchana. Skuli zetu nyingi zina mikondo miwili. Mkondo wa asubuhi unatoka saa ngapi? Na wa mchana unaingia saa ngapi? Watoto wa mikondo yote miwili wako njiani wakati uleule, wana joto, na kijito kipo. Kama kuna mtu aliyetaka kupanga ratiba ya kumkutanisha mtoto na kichocho asingepanga vizuri zaidi. Sisemi ratiba ibadilishwe kesho. Nasema mwalimu anayelijua hilo atawaambia watoto wake neno moja kabla ya kengele ya kutoka, na asiyelijua atawaambia "nendeni salama" basi.

Miaka ya 1980, kwenye baadhi ya maeneo ya Pemba, zaidi ya nusu ya watoto wa skuli walikuwa na kichocho. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa kukidhibiti kisiwani. Timu zilizunguka skuli kwa skuli zikipima mkojo kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi vikigusa damu, na mwenye ugonjwa akipewa dawa palepale. Baadaye ikaonekana kwamba minyoo ya tumbo ilikuwa kila mahali. Vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilionesha kuwa zaidi ya watoto tisa katika kumi walikuwa na safura. Hawa ndio watoto waliokuwa wakiitwa wavivu, wanaosinzia darasani, wasio na akili ya hesabu. Damu hawana! Safura imewanyonya, malaria imemalizia, na mwalimu kashika fimbo.

Katikati ya miaka hiyo ya 1990 skuli 12 za Pemba zikaingizwa kwenye utafiti. Nyingine zilipewa dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka, nyingine mara tatu, nyingine zikasubiri ili kulinganishwa. Upungufu mkali wa damu ulipungua kwa waliopewa dawa. Na ndani ya kazi hizohizo za Pemba ikaonekana habari nyingine isiyofurahisha: baada ya miezi sita hivi, chango alikuwa amerudi tumboni kama vile hakutolewa. Mtoto anameza dawa leo, kesho anatembea peku penye uchafu uleule, anakula embe kwa mikono ileile.

Mwaka 2000 ikafunguliwa maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake. Wengi wetu tunaipita kwenye gari na hatugeuzi shingo. Ndani ya jengo lile na vijiji vinavyolizunguka dunia imejifunza mambo mazito. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Pemba kwa watoto zaidi ya 20,000 wa chini ya miaka mitatu, ukaonesha kuwa kuwagawia watoto wote madini ya chuma katika sehemu yenye malaria nyingi kunaweza kuwadhuru baadala ya kuwafaa. Ushauri wa dunia nzima ulibidi uangaliwe upya. Watoto wa kwetu ndio waliolifundisha Shirika la Afya Duniani. Nauliza tu kwa nini hawajatufundisha na sisi.

Halafu ukaja mradi mkubwa wa kuondoa kichocho Zanzibar, uliomalizika 2017. Shehia 90, nusu Unguja na nusu Pemba, ziligawanywa makundi matatu. Zote zilipata dawa mara mbili kwa mwaka, skulini na majumbani. Kundi la pili liliongezewa kuua konokono. Kundi la tatu liliongezewa elimu: walimu walifundishwa, watoto walicheza michezo ya kuonesha mnyoo unavyopita, vikajengwa vyoo vya kukojolea na sehemu za kufulia. Ugonjwa ulishuka kote. Tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa kama ilivyotarajiwa, na wapo watakaosema kwa hiyo elimu haina maana, gawa vidonge tu. Mimi sisomi hivyo. Mradi ulipokwisha pakapita muda bila ya ugawaji mkubwa wa dawa, na kwenye maeneo sugu ya Pemba maambukizi yalipanda tena. Kwa hiyo kidonge kinashusha ugonjwa kadiri kinavyokuja, na kisipokuja mto unabaki palepale na mtoto anabaki palepale. Kuna kitu kimoja tu ambacho kipo kila siku, mradi uwepo usiwepo, mfadhili aje asije. Mwalimu wa darasa.

Sasa niseme niliyoyaona mwenyewe. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa skuli moja ya msingi, jina lake siliandiki na wilaya yake siitaji. Darasa langu lilikuwa na watoto wengi, wanakaa wanne kwenye dawati la wawili. Alikuwapo mvulana wa miaka kama tisa aliyekuwa akisimama kila baada ya muda mfupi: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Kipindi kimoja, mara tatu. Mwalimu wake wa darasa, mama mtu mzima na mwenye huruma, aliniambia kwa sauti ya kunishauri, "Mwanangu, huyo usimsikilize, ni mtoro. Ukimruhusu harudi." Na kweli alikuwa anachelewa kurudi. Choo cha wavulana mlango ulikuwa umeng'oka, tangi la maji lilikuwa kavu tangu kabla sijafika, na watoto walikuwa wanashuka kichakani, chini kidogo, kwenye kijito.

Mimi nilimtilia shaka kwa sababu moja tu. Mdogo wangu alipokuwa na umri ule alikuwa hivyohivyo: anakwenda, anakaa, anarudi amekunja uso. Kwetu Micheweni wenzake walimcheka mpaka akawa anajificha. Nilimwita dada wa yule mtoto, aliye darasa la sita, nikamuuliza pembeni. Akainama. "Anaumwa akikojoa, mwalimu. Tangu Ramadhani." Nikaenda kwa mwalimu mkuu, mama wa mtoto akaitwa, akapelekwa kituo cha afya, akapimwa, akapewa dawa. Haikuchukua hata wiki.

Alama za mwenendo za yule mtoto zilikuwa mbaya muhula mzima. Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa na nafasi tupu nyingi, na kila nafasi tupu ilihesabiwa kuwa ni utoro. Ndiyo maana habari ya medali za Waingereza iliniingia. Daftari lile lina sehemu mbili tu, yupo na hayupo. Halina sehemu ya kuuliza kwa nini. Watoto watano wa mtaa mmoja wakikosa skuli siku tatu mfululizo, hiyo ni habari ambayo kituo cha afya kingependa kuipata siku ya kwanza. Mwalimu anayo, mkononi, kwa wino wa buluu. Anaifunga kabatini.

Najua mtaniambia nini, maana nimeshaambiwa. Mwenzangu wa chumbani, anayesomea Historia na Kiswahili, alinijibu usiku uleule: "Mie nimekuja kusoma ualimu bwana, udaktari ningekwenda kusoma udaktari." Hoja yake si ya kuchekwa. Mwalimu wa Zanzibar ana madarasa yaliyojaa, ana vikao, ana maandalio ya somo, ana kusahihisha, na mshahara wake sote tunaujua. Kila wizara ikiwa na jambo lake linatupwa skulini. Mazingira skulini, lishe skulini, usalama barabarani skulini. Ukimwongezea na kichocho atakwambia asante, weka pale juu ya vingine.

Lakini hakuna anayemtaka achome sindano. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kule Kilosa, watafiti walijaribu kitu rahisi mno. Waliwapelekea walimu karatasi ya maswali, walimu wakawauliza watoto wao kama wana kichocho, kama wanaona damu kwenye mkojo. Majibu yalipolinganishwa na vipimo vya maabara yakakaribiana kiasi cha kutosha kujua skuli zipi zina hali mbaya zaidi na zipelekewe dawa kwanza. Njia hiyo ikaja kutumika nchi nyingi za Afrika. Mwalimu aliuliza swali na akaandika jibu, na kazi ya mwalimu ni ipi kama si hiyo?

Na mkoa huohuo wa Morogoro unatuonesha upande wa pili. Mwaka 2008 dawa za kichocho na minyoo ziligawiwa skulini. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni vidonge vikubwa, vichungu, na mtoto akivimeza na njaa anaweza kutapika na kusikia kizunguzungu. Watoto wakaumwa matumbo, uvumi ukatoka kwamba watoto wanakufa, wazazi wakavamia skuli, polisi wakaitwa, ugawaji ukasimama. Walimu ndio waliokuwa na vidonge mkononi na ndio waliokabiliwa na wazazi. Sidhani kuwa wazazi wale walikuwa wajinga. Mtu mgeni analeta dawa, mwalimu hajui kuieleza, mtoto wako anarudi anatapika. Ungefanyaje? Leicester mwaka 1885 makumi ya maelfu ya watu waliandamana kupinga chanjo ya lazima ya ndui, na hao ni Waingereza wanaosoma magazeti. Hata mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977, alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Alipona, na uzeeni akawa anazunguka kuwashawishi wazazi wachanjwe watoto polio, mpaka akafariki 2013.

Pemba tumeyaepuka ya Morogoro kwa kiasi kikubwa, na naamini ni kwa sababu watu wameizoea maabara ya Wawi na sheha anahusishwa mapema. Lakini siku ya dawa bado nimeona watoto wanaificha chini ya ulimi na kuitema nyuma ya darasa. Nimeona fimbo ya kupimia urefu ikisimamishwa ukutani, mtoto anapimwa, anahesabiwa vidonge vyake, hakuna aliyemwambia kwa nini yeye anapewa vingi kuliko mwenzake. Kumwambia ni dakika mbili: dawa inakwenda kwa ukubwa wa mwili, ule kwanza, unaweza kuumwa tumbo kidogo, na ukirudi mtoni kesho utaambukizwa tena. Mwalimu aliyefundishwa dakika hizo mbili ndiye anayemfanya mama asikimbilie skulini na mchi.

Sisemi haya ili walimu wabebe lawama za vyoo. Tangi kavu si kosa la mwalimu. Unaweza kuwa na Piaget na kichocho vyote kichwani, kama choo hakina mlango binti hataingia na mvulana ataenda kijitoni. Miji ya Waingereza haikupona kwa mahubiri, ilipona kwa kuchimba mitaro ya maji machafu na kuleta maji safi kwa fedha nyingi, na kwa kubishana bungeni miaka. Wanaohusika na ujenzi wa skuli hapa kwetu wahesabu choo na maji kama sehemu ya darasa. Siku hizi naona jengo jipya linazinduliwa kwa ngoma na utepe, na choo "kitafuata".

Ninachoomba chuoni ni kidogo na kinawezekana ndani ya mwaka huu wa masomo. Kozi ya mbinu za kufundisha ina wiki kumi na tano. Zitolewe mbili. Wiki ya kwanza aje mtu wa Wawi, umbali wenyewe si wa kuomba nauli, atuoneshe konokono, atuoneshe yai la mnyoo kwenye darubini, atueleze dalili za safura, surua na kichocho kwa mtoto aliyekaa mbele yako. Wiki ya pili aje ofisa wa afya wa wilaya atwambie nani apigiwe simu, na kwa nini daftari la mahudhurio linamhusu. Walio mwaka wa kwanza wasome kabla hawajapangiwa skuli, si kama sisi.

Halafu kuna fomu ya tathmini ya mazoezi ya kufundisha. Mkaguzi anapokuja kukaa nyuma ya darasa anajaza: maandalio, sauti, matumizi ya ubao, mavazi, usimamizi wa darasa. Mwezi uliopita nimeandika barua kwa kamati ya taaluma ya serikali ya wanafunzi nikiomba iongezwe safu moja tu: je, mwalimu mwanafunzi amefuatilia sababu ya watoto waliokosa skuli? Barua imepokelewa, imegongwa muhuri, na nimeambiwa itajadiliwa kikao kijacho. Kikao ni Alhamisi baada ya sala ya alasiri, ukumbi mdogo, na kwa katiba yetu mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kuingia na kusikiliza.